Mkono wa Kushoto wa Inhye

Siku ya pili ya msiba wa Mama Inhye, binti yake alimpokea mzee Bong kwa maneno ambayo mpaka leo watu wa kijiji chetu wakiyakumbuka hawajui wacheke au wanyamaze.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa misiba wa hospitali, kule mjini Hadong. Inhye amesimama pembeni ya picha ya mama yake, nguo nyeusi, utepe mweupe kwenye nywele. Mzee Bong akaingia, akachoma ubani, akapiga magoti mbele ya picha mpaka paji la uso likagusa sakafu. Alipoinuka akamgeukia mfiwa, kama inavyotakiwa. Inhye akainamisha kichwa, akasema kwa sauti tamu, iliyonyooka kama uzi:

"Asante kwa kutupigia simu. Naitwa Pyo Inhye. Nikusaidie nini leo?"

Masikio ya mzee Bong ni mazito, lakini hayo aliyasikia. "Sijapiga simu, mwanangu," akamjibu. "Nimekuja mwenyewe, na magoti yangu haya mabovu."

Watu wawili watatu waliokuwa mezani wakila wakapaliwa na supu. Gyuho, mdogo wake Inhye, akawa mwekundu mpaka masikioni. Inhye mwenyewe hakuona haya wala hakushtuka. "Samahani kwa usumbufu," akasema, akainama tena, akasubiri mgeni mwingine.

Mimi nilikuwa meza ya karibu na nililiona jambo lile lote. Naitwa Malsun. Nina saluni pale Agyang, kijijini kwetu, mkabala na duka la ushirika, mwaka wa ishirini na sita sasa. Na nyumba yangu na ya marehemu zinagawana ukuta mmoja. Inhye ananiita dada tangu akiwa msichana wa sekondari, nilipokuwa namkata nywele sawasawa na kingo za masikio na yeye analia kwamba nimemharibu. Alikuwa mtoto wa kulia, yule. Kuku akichinjwa analia. Sasa kwenye msiba wa mama yake mzazi macho yalikuwa makavu kama karatasi, na watu wakaanza kusema mji umempa roho ngumu.

Haikuwa roho ngumu. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa Daejeon akipokea simu za wateja wa kampuni moja ya mashine za kuchuja maji. Wateja wa kampuni hiyo hawapigi simu wakiwa na furaha. Wanapiga maji yakinuka, mashine ikivuja, fundi asipotokea. Wanatukana, na yeye anasema asante. Mbele yake kuna kioo kinachoonyesha sekunde alizotumia kwa kila mtu, na akitaka kwenda msalani kuna kitufe cha kubonyeza, na sekunde hizo nazo zinahesabiwa. Hayo alinieleza baadaye sana. Wakati wa msiba nilijua tu kwamba anafanya kazi ofisini na kwamba mama yake alijivunia.

Baada ya siku za msiba akarudi kazini. Hakuna aliyemsikia mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, alipokuja Jumamosi asubuhi na begi moja na marobota ya mifuko ya taka. Gyuho alikuwa Busan na mke na watoto, basi akamwambia dada yake, wewe huna familia, nenda ukaisafishe nyumba ya mama.

Nilikwenda kumsalimia na bakuli la kimchi ya figili, ile achari yetu ya kuchachua kwa pilipili. Nikamkuta amekwishatoa vyombo vyote vya jikoni, amevipanga barazani kwa mafungu. Juu ya kizingiti ameweka daftari. Nikachungulia, maana mimi sina adabu. Ilikuwa ratiba. Saa mbili mpaka saa nne, jikoni. Saa nne mpaka saa nne na dakika kumi, kupumzika. Saa nne na dakika kumi mpaka saa sita, kabati la nguo. Namna hiyo mpaka Ijumaa jioni.

"Na kilio umekipangia saa ngapi?" nikamwuliza.

Mimi huwa nasema hovyo. Lakini yeye hakuchukia. Alilichukua daftari akaliangalia kwa makini, kweli kabisa, kama mtu anayetafuta nafasi.

"Labda Alhamisi, dada," akasema.

Nikamwachia kimchi, nikaondoka.

Sasa nyuma ya ile nyumba kuna mti wa gam, matunda ya rangi ya chungwa yenye ukubwa wa ngumi, na mwaka ule ulizaa hadi matawi yanaburura chini. Gam ya kwetu hailiwi ikitoka mtini. Ukiing'ata inakubana ulimi kama umelamba chokaa. Unaimenya, unaifunga kwa kikonyo kwenye kamba, unaitundika chini ya paa penye upepo, na baada ya siku hamsini hivi inakuwa tamu, laini, unampa hata mgonjwa. Mama Inhye alikuwa akitundika mia nne kila mwaka. Jumatatu nikamwambia binti yake kwamba zisipochumwa zitaoza mtini.

"Chukua zote, dada. Nitashukuru ukizichukua."

"Nani kakwambia nataka gam zako? Mimi nina zangu. Za mama yako azimenye mtu wake mwenyewe."

Akafikiri. Akatoa simu, akaangalia saa. "Kuzimenya zote kunachukua muda gani?"

"Wiki."

"Nina mchana mmoja."

Tukakaa barazani, mimi na kisu changu, yeye na kisu cha mama yake. Akatega saa kwenye simu. Kila ilipolia, anatupia jicho lundo lake, anaongeza mwendo. Jamani, yule mtu alimenya! Maganda yaliruka kama vumbi la msumeno. Nami si mtu wa kumfundisha mwenzangu kwenda taratibu: saluni kwangu nawatia dawa ya mawimbi ya nywele wanawake watatu kwa mpigo na nawatoa kabla supu yao haijapoa nyumbani. Lakini hata mimi niliona anamenya vibaya. Kisu kinaingia ndani mno, nyama inatoka na ganda. Vikonyo vinakatika. Gam isiyo na kikonyo utaifunga wapi?

"Inhye, unaua."

"Mia na themanini mpaka saa kumi na moja," akasema. "Nikifika hapo nitakuwa ndani ya lengo."

Hakuwa ananijibu mimi. Nikaokota vikonyo, na jioni tukazitundika zile zilizofungika.

Kesho yake, Jumanne, nilipoamka nikachungulia juu ya ukuta. Zaidi ya nusu ya gam zake zilikuwa chini, zimepasuka, nyuki wameshafika. Nikavaa viatu haraka niende kumwambia kabla hajaziona mwenyewe, kwa sababu niliogopa atakavyoumia. Nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, anatazama dirishani. Dirishani ndipo kamba za gam zilipo, kwa hiyo alikuwa ameshaona. Birika la chai ya shayiri linachemka, mfuniko unarukaruka. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa ubavuni mwa birika, kimelala pale kama mtu anavyomwekea ng'ombe wake mkono. Kwanza sikuelewa ninachokiona. Halafu nikasikia harufu.

"Inhye! Mkono! Mkono wako!"

Akanigeukia taratibu. Akautazama mkono. Sikuwahi kuona mtu akiuangalia mwili wake namna ile, kama kitu alichosahau mgeni. Ikabidi niuvute mimi. Ngozi kidogo ikabaki kwenye birika. Nikauingiza chini ya bomba la maji baridi na nikaushikilia pale, na aliyekuwa anapiga kelele ni mimi. Yeye alikuwa ananipigapiga mgongo kwa mkono wa kulia.

"Pole, dada," akaniambia. "Pole kwa usumbufu."

Kituo cha afya kipo mwendo wa dakika chache kwa gari langu. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyoegeshwa puani. Akausafisha mkono, malengelenge matatu makubwa na sehemu ya katikati iliyochubuka. Alipomaliza akauliza:

"Ulilishika birika kwa muda gani?"

"Sijui."

"Hukusikia maumivu?"

Inhye akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Niliyasikia, daktari. Nilijua ni moto. Ila ilikuwa kama simu inaita kwenye meza ya mtu mwingine."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwuliza kama analala. Analala saa tatu nne. Anakula? Anakula. Anakula nini? Hakumbuki. Amewahi kufikiria kujidhuru? Hapana, akasema, hata hilo ni kazi nyingi. Yule daktari hakucheka. Akaandika barua, akampa, aende Jinju akamwone daktari wa mambo ya akili na moyo, akamwambia si wazimu, ni mtu aliyechoka mpaka waya za ndani zimejizima zenyewe. Inhye akaipokea kwa adabu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Na mkono?" nikauliza mimi.

"Mkono hauna njia ya mkato," akasema daktari. "Asubuhi na jioni ufunguliwe, uoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, upakwe dawa, ufungwe upya. Usiguse kitu cha moto, usibebe kitu, usikaze bendeji. Ukiuharakisha utanyauka na vidole havitafunguka."

Yeye alidhani anazungumza juu ya mkono tu.

Kuanzia siku hiyo ratiba ya daftarini ikafa. Jaribu wewe kufunga mfuko wa taka kwa mkono mmoja. Jaribu kukunja blanketi. Kitu alichokipangia dakika kumi kikala saa nzima, halafu nacho hakikukamilika. Jumatano nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya nguo za mama yake, na nguo aliyokuwa anaikunja imelala magotini, nusu. Nikamwuliza amekaa hapo tangu lini. Tangu alipopata kifungua kinywa, akasema. Nilitaka kumkunjia. Mikono yangu iliniwasha, nawaambia ukweli. Lakini akasema, "Iache, dada. Sijakwama. Nimekaa tu."

Kila jioni nilikwenda kumsaidia kuufunga mkono. Ule ndio ulikuwa wakati pekee niliomwona yupo mahali alipo. Alikuwa anaanza kwa kuondoa bendeji mduara kwa mduara, anapuliza kidogo, anamwaga maji kwa kijiko. Anapaka dawa kwa ncha ya kidole kama anampaka mtoto mchanga mafuta. Dakika ishirini, na hakuangalia saa.

Alhamisi jioni, siku aliyoniambia labda atalia, hakulia. Alikuwa anapaka dawa akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Dada, unajua, huu mkono ndio kitu cha kwanza changu nilichokionea huruma."

"Acha maneno hayo."

"Ni kweli. Mgongo uliniuma miaka mitano, nikaununulia plasta. Sauti ilinikauka, nikanywa dawa nikarudi mezani. Mama alikufa, nikachukua siku tano. Hakuna nilichokipuliza."

Nikamshikia mkasi.

Ijumaa akaja saluni. Nywele zake zilikuwa hazijaoshwa tangu aungue, zimegandana kwa mafuta, na yeye hawezi kuziosha kwa mkono mmoja. Nilikuwa na wateja wawili, mama mwenye duka la mbegu na dada yake mkubwa, wote wana rola kichwani na kofia za plastiki, wanasubiri dawa ishike.

"Huyu si ndiye aliyemwambia Bong asante kwa kupiga simu?" akanong'ona mwenye duka, kunong'ona kwa mtu anayetaka asikike.

"Ndiye," dada yake akasema. "Maskini. Mwache aoshwe."

Nikamlaza Inhye kwenye kiti, nikamwekea taulo shingoni, nikafungua maji. Naosha nywele kwa haraka, mimi, kila mtu anajua. Sabuni, kucha, maji, ondoka. Nilikuwa nimeshaanza kukwaruza aliposema, macho yamefungwa:

"Dada. Taratibu."

Nikasimama. Katika siku zile zote hakuwa ameomba kitu. Hata maji ya kunywa hakuomba. Ukimpa anapokea, usipompa anakaa. Na lile neno lilitoka na sauti nyingine, ya chini, yenye mikwaruzo. Haikuwa ile sauti ya uzi. Nikagundua ndiyo sauti yake, ile ya msichana niliyemharibu nywele.

"Taratibu vipi?" nikamwuliza.

"Sijui. Kama hakuna mtu anayesubiri."

Nikawatazama wale wawili wenye rola. Wakanitazama. Mwenye duka la mbegu akainua mabega.

Basi nikaosha. Sijui kama mmewahi kuosha kichwa cha mtu mzima bila kukimbizwa. Nilipitisha vidole nyuma ya masikio, penye shingo, juu ya nyusi, nikarudi. Maji nikayapoza, nikayapasha. Kichwa cha mtu ni kizito sana anapokiachia, na yeye alikiachia kidogo kidogo, nikausikia uzito ukiongezeka kwenye viganja vyangu. Nilimaliza baada ya dakika arobaini, na sijawahi kufanya hivyo tena kwa mteja yeyote, msinijie na tamaa. Nilipomfunga taulo alikuwa amelala.

"Amekufa?" akauliza mwenye duka.

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu. Mdomo uko wazi."

"Na wako unafungwa lini?" dada yake akamwambia.

Mawimbi yao yakapitiliza, wakatoka wamejikunja kama kondoo, na hawakulalamika. Inhye alilala kwenye kile kiti toka saa nane mchana hadi nilipovuta pazia kufunga. Alipoamka akauliza ni siku gani. Nikamwambia ni Ijumaa ile ile. Akasema, "Lo." Basi. Akaenda nyumbani.

Alitakiwa kurudi kazini Jumatatu. Jumapili hakufunga begi, nami sikuuliza. Jumatatu saa tatu asubuhi tumekaa barazani tunakula uji wa maboga, simu yake ikalia. Kwa vile mkono mmoja umefungwa na wa pili una kijiko, akaibonyeza kwa kiwiko, ikaongea kwa sauti kubwa. Alikuwa msimamizi wake, mwanamke mwenye sauti tamu kuliko hata ya Inhye.

"Inhye, pole na mkono, nimepata ujumbe wako. Tumehuzunika wote. Ila nilikuwa nafikiri, simu zetu hazishikwi kwa mkono, sivyo? Ziko masikioni. Ukija hata kesho tutakupangia mtu akuandikie."

Inhye hakujibu. Aliniambia baadaye kwamba kwenye kazi yao ukimya ukizidi sekunde tatu taa inawaka. Ile asubuhi alikaa kimya mpaka nikasikia jogoo wa mzee Bong akiwika mara mbili. Uso wake haukuonyesha kitu, si hasira, si woga. Alikuwa anautazama uji.

"Inhye? Upo?"

"Nipo," akasema. "Nakula. Nitakupigia nikimaliza."

Akabonyeza kwa kiwiko. Akarudi kwenye bakuli lake. Alikula mpaka mwisho, akakwangua, akaniomba nimwongeze. Alimpigia msimamizi saa nane mchana, akaomba likizo ya ugonjwa ya miezi miwili bila mshahara. Walimpa, kwa shingo upande.

Gyuho ndiye aliyekuja juu. Alipiga simu jioni ile na nilimsikia toka upande wangu wa ukuta, maana simu ilikuwa kwenye sauti kubwa.

"Utakaa huko ukifanya nini?"

"Kuna gam zimebaki mtini."

"Gam! Na baada ya gam?"

"Sijui, Gyuho."

"Dada, una miaka arobaini na moja. Watu wa rika lako wana vyeo. Unataka nimwambie nani kwamba dada yangu anaanika matunda?"

"Usimwambie mtu," Inhye akasema. "Mimi mwenyewe sijaambiwa."

Msidhani alikuwa anatania. Ndivyo alivyokuwa: maneno yanatoka, lakini kama yanatoka chumba cha pili. Na msidhani kwamba alichangamka baada ya hapo. Watu wa mjini wanakuja huku milimani wikendi, wanapiga picha mashamba ya chai na mawingu, wanasema huku roho inapona. Roho ya Inhye haikufanya haraka. Kulikuwa na siku alikaa barazani toka asubuhi mpaka jua linazama na ukimwuliza unawaza nini anasema hakuna, na kweli hakuna. Kulikuwa na siku hakufungua mlango. Hizo nilibisha, nikaacha chakula, nikaenda zangu, na njiani nikamlaani, nawaambia, kwa sababu mimi huchoka na watu wagonjwa upesi.

Kilichobadilika ni vitu vidogo ambavyo huwezi kumsimulia mtu akavutiwa. Alimenya gam zilizobaki, nane kwa siku, kumi kwa siku, akizibana kwa magoti kwa sababu ya mkono. Haikuanguka hata moja. Siku aliyochoka alimenya tatu na akaosha kisu akakiweka, hakujitukana. Kabla ya hapo alikuwa na tabia ya kujisemea chini kwa chini, mjinga wewe, mzembe wewe, nilimsikia mara nyingi toka ng'ambo ya ukuta. Sijui ilikoma lini. Siku moja tu nikagundua sijaisikia siku nyingi.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, theluji ya kwanza ilipoanguka, alikuja mlangoni kwangu amevaa koti la mama yake.

"Dada, naenda Jinju. Ile barua ya daktari."

"Sasa hivi? Na theluji hii? Nikupeleke?"

"Basi lipo. Litakwenda polepole, haidhuru."

Akawa anakwenda kila baada ya wiki mbili. Walimpa dawa, na walimpa mtu wa kuzungumza naye. Mwezi wa kwanza mkono ulipona, ukabaki na kovu la rangi ya waridi katikati ya kiganja, vidole vyote vinafunguka. Mwezi ule ule likizo ikaisha, akaandika barua ya kuacha kazi. Sikumshauri. Ningeombwa ushauri ningesema asiache, maana mimi mume aliniacha na mkopo wa viti vya saluni mabegani, na kazi sikuacha. Alipata kibarua kwenye ghala la ushirika, asubuhi tu, kupanga gam kavu kwa ukubwa na kuzitia kwenye maboksi. Vijana wa pale wanamtania kwamba ni mfanyakazi pekee anayekwenda msalani na kurudi akiwa ametulia.

Mwezi wa nane ukarudi, na joto lake. Mwaka wa mama yake ukatimia, na ibada ya kumkumbuka ikabidi ifanyike. Inhye ndiye aliyepika. Alianza siku moja kabla: samaki, mboga za mlimani, vitumbua vya maharage, supu, wali. Alipika kitu kimoja baada ya kingine, akikaa chini kati ya hiki na hiki. Gyuho akaja na mke wake na binamu wanne. Siku hizi hatungoji usiku wa manane, tunafanya jua likiwa bado lipo. Wakawasha mishumaa, wakamwaga pombe ya mchele, wakainama. Inhye akainama na wenzake. Nilimtazama machoni. Yalikuwa makavu. Lakini alipoinuka alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko wengine, mkono mmoja kifuani, kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu ndani.

Kisha watu wakakaa kula. Sasa mnajua kwetu, kwa wanawake wa nyumba huo ndio wakati wa kukimbia: huyu hana supu, yule hana kinywaji, sahani hizi zimejaa. Inhye aliwapakulia wote mara moja. Akajipakulia na yeye, akakaa, akala sahani yake polepole mpaka ikaisha, na binamu mmoja akiwa ameinua bakuli tupu hewani. Halafu akasimama.

"Nimechoka," akasema. "Nakwenda kulala. Supu iko jikoni, mtajipakulia."

Akaingia chumbani kwa mama yake, akavuta mlango.

Mke wa Gyuho akanitazama. Gyuho akaweka vijiti chini.

"Anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Amechoka."

"Lakini wageni..."

"Wageni gani? Hawa wana mikono."

Nilidhani Gyuho atakasirika. Alikaa akiuangalia ule mlango, kisha akainuka, akachukua bakuli la binamu yake, akaenda jikoni. Tukasikia sufuria zikigongana, maana hajui kipi kiko wapi katika nyumba aliyozaliwa. Mke wake akamwita kwa sauti ya chini:

"Gyuho. Taratibu na hivyo vyombo. Amelala."